Kadhi, Hakimu na Jaji: Maelezo juu ya Maneno ya Mahakama

Mtu aingiapo mahakamani kwa mara ya kwanza, kabla hajapata haki wala hukumu, hupewa jina. Aliyekuwa Fulani bin Fulani kijijini kwake huitwa mdai au mdaiwa, mshtaki au mshtakiwa, shahidi au mdhamini. Na kila jina katika hayo lina kazi yake, wakati wake wa kusema na wakati wake wa kunyamaza. Asiyejua maana ya jina alilopewa hajui pia lini afumbue kinywa na lini akifumbe. Wahenga walisema kwamba mdomo uliponza kichwa, na methali hiyo haina mahali inapofaa kuliko mbele ya hakimu.

Yako maoni yaliyoenea kwamba Kiswahili ni lugha changa katika mambo ya sheria, na kwamba maneno yake ya mahakama yalibuniwa juzi ili kuziba pengo la Kiingereza. Historia haikubaliani na maoni hayo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya kuendeshea mashauri karne nyingi kabla hakijaruhusiwa kuandika hukumu za mahakama za juu. Lugha haikukosa maneno, ilinyimwa cheo. Na gharama ya kunyimwa huko aliilipa mtu wa kawaida, hasa katika saa ile alipoulizwa mbele ya watu kama yale aliyoshtakiwa ni kweli au si kweli.

Tuanze na mwenye kuhukumu. Neno kadhi ni la Kiarabu, nalo lilifika pwani pamoja na Uislamu. Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi aliyezuru pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, ameacha habari za baraza ya hukumu mjini Mogadishu, mji uliofungamana kwa dini na biashara na miji ya kusini mpaka Kilwa. Asema kwamba kadhi, mawaziri, katibu na maamiri walikaa kusikiliza malalamiko ya watu. Mambo ya sheria ya dini aliyakata kadhi. Mengine yalikatwa na wale wakuu wengine. Na jambo lililohitaji kauli ya sultani liliandikwa na kupelekwa kwake, naye akajibu nyuma ya karatasi ile ile. Katika habari hii fupi twaona mambo matatu ambayo hata leo ndiyo mifupa ya mahakama: mamlaka yaliyogawanywa, maandishi, na ngazi ya juu ya kupelekea jambo lisilowezekana kukatwa chini.

Kutoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuhukumu tumepata hukumu, hakimu na mahakama, yaani tendo, mtendaji na mahali. Kutoka katika mzizi mwingine tumepata kudai, dai na madai. Lakini yafaa mwanafunzi wa lugha aangalie jinsi Waswahili walivyoyafanyia kazi maneno waliyoyapokea. Hawakuchukua majina ya Kiarabu ya watu wawili wanaogombana yakiwa mazima. Walichukua kitenzi, wakakitia kiambishi cha mtu mbele na alama ya kutendwa nyuma, wakapata mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa. Sauti moja ndogo, ile -wa ya mwisho, yatosha kumweleza msikilizaji nani amekwenda kushtaki na nani ameitwa kujibu. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuielewa tofauti hiyo kwa kuwa alikuwa nayo tayari katika maneno ya kila siku, kama vile mpiga na mpigwa. Neno lililotengenezwa hivyo haliwezi kuitwa geni, hata kama mzizi wake ulivuka bahari.

Pamoja na maneno ulikuja utaratibu. Katika sheria ya Kiislamu msingi wa kusikiliza daawa ni kwamba mdai hutakiwa alete ushahidi, na mwenye kukana hutakiwa ale yamini. Mdai akileta mashahidi waadilifu, dai lake limethibiti. Akikosa, mdaiwa huapa na dai humwondokea. Basi kiapo kilikuwa na uwezo wa kumaliza ugomvi. Ndiyo maana neno yamini, ambalo maana yake ya asili ni mkono wa kuume, lilikuwa zito midomoni mwa watu wa pwani, na watu wazima walikubali kulipa deni wasilodaiwa kuliko kula yamini juu ya fedha.

Lakini kadhi hakuwa peke yake. Kando yake ilikuwako baraza. Baraza kwanza ni kile kikao cha mawe mbele ya nyumba, wanapokaa watu kuzungumza na kupokea wageni. Kisha jina likahamia kwa watu wakaao hapo, kisha likawa mkutano wa wazee, na mwisho likawa mahali pa kukatia mashauri. Neno shauri nalo lina historia ya namna hiyo. Asili yake ni kushauriana. Hata leo mtu humwambia mwenzake, “Nipe shauri,” akitaka msaada wa akili, na humwambia mwingine, “Nina shauri nawe,” akitaka wakutane mbele ya mwamuzi. Kwamba jina moja hutumika kwa ushauri na kwa ugomvi si upungufu wa lugha. Wazee wa baraza waliuona ugomvi kama jambo la kufikiriwa na wengi, na mwisho wake mwema ulikuwa suluhu na fidia, ili watu wawili wanaokaa jirani waweze tena kusalimiana asubuhi.

Humo barazani kiapo kilikuwa na sura nyingine, ya zamani kuliko yamini ya kadhi. Kuapa ni neno la Kibantu, na msemo wa kula kiapo tunao bado. Wamijikenda walijua kiapo cha shoka, ambapo mtuhumiwa alijaribiwa kwa chuma kilichotiwa motoni, na mwili wake ndio uliotoa jibu. Hivyo neno moja, kiapo, lilikwisha kubeba mambo mawili: jaribu la mwili, na ahadi mbele ya Mungu yenye kukata daawa. La tatu lilikuwa njiani.

Mataifa yaliyokuja kutawala yaliacha kila moja alama yake. Wareno waliacha neno gereza, ambalo watu wa lugha hulirudisha katika neno lao la kanisa, kwa kuwa ngome zao zilikuwa na kanisa ndani yake. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na serikali ya Kiingereza kama kifungo tangu mwaka 1895 mpaka 1958, na ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza mpaka leo. Ni ajabu kwamba jina la nyumba ya sala limekuwa jina la nyumba ya wafungwa, lakini historia ya maneno haimwonei mtu haya.

Wajerumani walipoitwaa nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, waliikuta kazi ya liwali, akida na jumbe, wakaitumia. Walikikuta pia Kiswahili, wakakifanya lugha ya kazi zao na wenyeji. Siku ya mashauri bwana mkubwa aliketi bomani, na neno shauri likaingia hata katika Kijerumani cha watumishi wa koloni. Zamani hizo hizo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza kwa Kiswahili desturi za watu wa mrima, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1903 chini ya mkono wa Carl Velten. Mswahili huyo alieleza mambo ya ndoa, deni na urithi kwa maneno ya kwao, wala hakuhitaji kuazima hata neno moja la Kiingereza. Anayesema kwamba lugha hii haikuwa na maneno ya sheria na akisome kitabu hicho.

Ndipo yakaja maneno ya Waingereza: korti, kesi, samansi, faini, jela, polisi, jaji. Pamoja nayo zikaja sheria zilizokwisha kutumika Bara Hindi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Kenya mpaka mwaka 1963 na Tanganyika mpaka mwaka 1967, na Sheria ya Adhabu ya India ilitumika katika nchi hizo mbili mpaka zilipotungwa sheria mpya mwaka 1930. Watu wengi hudhani kwamba badiliko kubwa la zamani hizo lilikuwa ni haya maneno mapya. Kwa maoni yangu badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika maneno ya zamani, ambayo yalibaki na sauti zile zile huku kazi zake zikigeuzwa.

Tazama kiapo. Katika korti ya Kiingereza kila shahidi huapa kabla ya kusema, awe wa upande huu au ule, na baada ya kuapa bado maneno yake hupimwa na huweza kukataliwa. Kiapo kilichokuwa mwisho wa daawa kikawa mwanzo wake. Mzee aliyezoea kwamba yamini humaliza maneno alistaajabu kuona amekwisha kuapa na bado anaulizwa maswali kana kwamba ni mwongo. Tazama pia dhamana. Hapo kale mdhamini alisimama kwa deni la mwenzake. Sasa akasimama kwa mwili wake, kwamba mshtakiwa atarudi siku iliyotajwa. Tazama hata kizimba, ambacho nyumbani ni tundu la kuku, na mahakamani kikawa mahali pa kusimama mtu anayesubiri kujua mwisho wake.

Lakini neno lililogeuzwa zaidi kuliko yote ni mshtaki. Barazani, aliyeibiwa ng'ombe ndiye mwenye shauri: yeye hulileta, yeye hukubali fidia, na yeye aweza kusamehe. Katika mashauri ya jinai ya korti mpya mwenye shauri akawa Mfalme, na baada ya uhuru ikawa Jamhuri. Aliyeibiwa alishushwa akawa shahidi. Huitwa, husema, huambiwa akae. Na mwizi akitozwa faini, fedha huingia hazina, naye hurudi kwake bila ng'ombe. Sheria za baadaye zimempa hakimu uwezo wa kuamuru fidia, lakini mshangao wa watu juu ya jambo hili haujakwisha. Mwenye kuueleza utaratibu wa mahakama kwa wananchi hana budi kuanza hapa: madai ni ya mtu na mtu, jinai ni ya dola na mtu.

Kisha maneno yakapangwa kwa vyeo. Kadhi, ambaye hapo kale alihukumu mambo mengi, alipunguziwa kidogo kidogo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yampa mamlaka juu ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena baina ya Waislamu waliokubali kusikilizwa naye. Hakimu akawa mwamuzi wa mahakama za chini. Jaji, neno la Kiingereza, akawekwa juu katika Mahakama Kuu. Msomaji na aangalie ngazi hiyo: neno la kale likakaa chini, neno jipya likakaa juu. Lugha ya kumbukumbu za mahakama nayo ilifuata ngazi ile ile.

Tanganyika yatupa mfano ulio wazi. Chini ya sheria ya mwaka 1929 mahakama za wenyeji zilikuwa mbali na Mahakama Kuu, na rufaa zake zilikwenda kwa wakuu wa wilaya na wa majimbo, yaani kwa watawala. Mwaka 1951 zilibadilishwa jina, zikaitwa mahakama za mahali. Ilikuwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliyoziunga mahakama zote katika mti mmoja, kuanzia mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, na ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ya mwanzo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, sheria iliyoifuata ya mwaka 1984 iliruhusu Kiswahili kisemwe katika mahakama za wilaya na za mahakimu wakazi, lakini ikaamuru kwamba, isipokuwa katika rufaa na mapitio, kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akasikia kwa Kiswahili, na kalamu ikaandika lugha nyingine. Rufaa ilipokatwa, majaji hawakuyasoma maneno ya shahidi. Walisoma maneno ya hakimu juu ya maneno ya shahidi.

Hapa ndipo tunafikia saa ile niliyoitaja mwanzo. Mshtakiwa husomewa shtaka, kisha huulizwa kama akiri au akana. Fikiri kijana aliyelelewa kwa adabu za kwetu. Akiitwa mbele ya wakubwa kwa ajili ya ugomvi, hufundishwa kusema, “Nimekosa,” hata kama ana udhuru wake, maana neno hilo hufungua mlango wa msamaha, na baada yake ndipo huulizwa kilichotokea. Mahakamani neno lilo hilo laweza kuufunga mlango. Likichukuliwa kuwa ni kukiri, hapatakuwa na mashahidi wala maswali. Litakalofuata ni adhabu. Vivyo hivyo na “Ni kweli.” Mtu aweza kukubali kwamba ni kweli alimpiga mwenzake, naye ana moyoni jibu kwamba alipigwa kwanza na alikuwa akijilinda. Hakulisema kwa sababu hakuulizwa. Na ikiwa kati yake na hakimu yuko mkalimani, na mbele ya hakimu iko karatasi ya Kiingereza, basi jibu lake limepita katika vinywa viwili na kalamu moja kabla ya kuwa hatia.

Si kwamba majaji hawakuiona hatari hiyo. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilisema, katika shauri la Mfalme na Yonasani Egalu na wenzake, kwamba pale ambapo mtu aelekea kutiwa hatiani kwa kukiri kwake, inafaa sana kila sehemu ya shtaka aelezwe, naye atakiwe kuikubali au kuikana sehemu moja moja. Mwaka 1973, katika shauri la Adan na Jamhuri lililotoka Kenya, mahakama hiyo iliweka hatua kwa mpango. Shtaka na sehemu zake zote muhimu zielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, na yakiwa ni kukiri, iandikwe kwamba amekiri. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akibadili jibu lake, au akisema jambo lenye kuonyesha kwamba hakukiri kwa kweli, iandikwe kwamba amekana. Hatua hizo zingali zikitajwa mahakamani. Ukizichunguza utaona kwamba nyingi katika hizo ni kanuni za lugha: eleza, sikiliza, andika alivyosema.

Baada ya uhuru kazi ya kukusanya maneno ilifanywa kwa bidii. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na mwaka 1968 A. B. Weston na Sheikh Mohamed Ali walitoa orodha yao ya maneno ya sheria kwa Kiswahili. Basi maneno yalikuwako, tena yamepangwa. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla cheo hakijafuata. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa Mahakama Kuu mjini Musoma, jambo lililozungumzwa nchi nzima. Na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiachwa nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji. Kenya bado sheria ya mwenendo wa jinai yaweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na katika mahakama za chini Kiingereza au Kiswahili.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha, na sehemu iliyobaki ni yetu sisi wenye kufundisha na kujifunza lugha. Hukumu za miaka mingi zinazofuatwa kama mwongozo zimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno yenyewe hutofautiana kwa nchi: Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina Mahakama ya Rufaa, na mzizi ni mmoja. Tofauti ya namna hii haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ile ya kuchanganya hukumu na adhabu, ilhali hukumu ni uamuzi wote na adhabu ni sehemu yake. Au kuchanganya shtaka na hatia, hata mtu akaitwa mkosaji magazetini siku ile ile aliyosomewa shtaka. Au kuliacha neno kosa libebe peke yake maana ya kukosea, ya kukosa adabu na ya kuvunja sheria, bila ya kumweleza mshtakiwa ni ipi aulizwayo.

Kwa hiyo wanaotunga istilahi na wasitosheke kuuliza kama neno jipya lalingana na lile la Kiingereza. Waulize pia kama mkulima aliyesimama kizimbani, asiye na wakili, akilisikia mara moja, atajua anaulizwa nini. Waswahili wa kale walipounda mdai na mdaiwa waliufaulu mtihani huo, na kipimo chao kingali kizuri.